RISASI ZA BUNDUKI YA HEWA KWA KLABU ZA VIJANA: Jinsi ya kuchagua za bei poa zinazopiga pale pale

Leo tunaweka siasa na soka pembeni kidogo, tuongelee mchezo ambao wengi wetu tunauona mara moja tu kila miaka minne: kulenga shabaha kwa bunduki ya hewa, wengine wanaiita bunduki ya upepo. Mnamkumbuka yule mzee wa Uturuki, Yusuf Dikeç, aliyesambaa mtandao mzima kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mkono mmoja mfukoni kama anasubiri daladala? Ile ilikuwa bastola ya hewa, mita 10, na alirudi nyumbani na medali ya fedha ya timu mchanganyiko.

Ila aliyenigusa mimi zaidi ni dada mmoja wa Korea Kusini, Ban Hyojin. Umri wake ulikuwa miaka 16 tu. Fainali ya bunduki ya hewa mita 10 walimaliza sawa na Huang Yuting wa China, pointi 251.8 kila mmoja, ikabidi wapige risasi moja moja ya kuamua. Ban akapata 10.4, Huang 10.3. Dhahabu ikaamuliwa na pointi 0.1. Kwenye karatasi ya shabaha hiyo 0.1 ni robo ya milimita. Hapo ndipo utaelewa kwa nini watu wanabishana kuhusu kipande cha chuma laini chenye uzito wa nusu gramu.

Makala hii ni ya kuhifadhi. Kama muda wa cafe unakatika, piga printi au jitumie kwenye email usome baadaye. Imelenga klabu za vijana zenye mfuko mwembamba, na mfano nitakaoutumia zaidi ni wa klabu za shule za sekondari Marekani, maana kule mfumo wa vijana uko wazi na ndugu zetu wengine watoto wao wanasoma huko. Kanuni zenyewe lakini ni zile zile Ujerumani, Uingereza au India.

KWANZA, TUJUE TUNAONGELEA NINI

Risasi ya bunduki ya hewa, au peleti, haina baruti. Inasukumwa na hewa iliyobanwa, basi. Umbo lake ni kama la mwanadada aliyevaa gauni: ina kichwa mbele, kiuno chembamba katikati, na sketi nyuma ambayo ndani iko wazi. Kichwa kinashika mifereji iliyo ndani ya mtutu ili risasi izunguke. Sketi inapanuka kidogo hewa ikiisukuma na kuziba nafasi ili hewa isivuje pembeni. Ikishatoka nje, ile sketi inasaidia kuiweka sawa hewani, kama manyoya ya mshale.

Kwa hiyo sketi ikibonyea, hewa inavuja upande mmoja na risasi inaenda inakotaka yenyewe. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Kwenye mashindano ya mita 10 kipenyo ni kimoja tu: milimita 4.5. Kwenye makopo ya Marekani na Uingereza utakuta imeandikwa .177, ni kitu kile kile. Ukikuta 5.5 au .22, hiyo ni ya bunduki nyingine, usinunue hata kama ni bei ya kutupwa.

MAUMBO YA KICHWA: CHAGUA BAPA, MAMBO YAISHE

Kuna aina nne utakazokutana nazo sana:

1. Kichwa bapa. Mbele ni sawa kama mfuniko wa soda. Inakata karatasi tundu safi la mviringo, kama mashine ya kutoboa karatasi ofisini.
2. Kichwa cha mviringo. Inapita hewani vizuri zaidi kwenye umbali mrefu, mita 25 na kuendelea. Inapendwa na wanaopiga shabaha za nje.
3. Kichwa chenye ncha. Inaonekana kali machoni, ila kwa usahihi mara nyingi haifiki popote.
4. Kichwa chenye shimo. Imetengenezwa kwa ajili ya wawindaji wa panya na sungura. Klabu haiihitaji.

Kwa mita 10, chukua bapa. Umbali ni mfupi kiasi kwamba faida ya mviringo haionekani, halafu tundu safi linamaliza ugomvi wa pointi. Kichwa cha mviringo kinachana karatasi badala ya kuikata, tundu linajifunga, na mwamuzi anabaki anakuna kichwa: imegusa mstari au haijagusa? Mtoto wa watu ananyimwa pointi yake kwa sababu ya karatasi iliyochanika.

UZITO

Risasi za shabaha nyingi ziko kati ya gramu 0.45 na 0.53. Watengenezaji wengi wanauza nyepesi kwa bastola na nzito kidogo kwa bunduki ndefu, ila hiyo siyo amri. Bunduki za vijana zenye nguvu ndogo, hasa zile za kusukuma hewa kwa mkono mara moja, mara nyingi zinaelewana vizuri na za 0.45 mpaka 0.50.

Tuweke hesabu kidogo. Ujerumani bunduki za hewa zinazouzwa bila kibali zina ukomo wa nguvu wa jouli 7.5. Kwa nguvu hiyo risasi ya gramu 0.5 inatoka na mwendo wa kama mita 173 kwa sekunde, na ya gramu 0.45 kama mita 183. Tofauti hiyo inatosha kufanya risasi ipige juu au chini kidogo ya pale ulipozoea. Maana yake: ukibadilisha uzito, unarekebisha vilengeo upya. Usimpe kijana risasi nyepesi mazoezini halafu siku ya mashindano umpe nzito bila kumwambia.

KWA NINI USAHIHI UNAPIMWA KWA MILIMITA

Shabaha ya bunduki ya hewa ina upana wa milimita 45.5 yote nzima. Kumi yenyewe ni kidoti cha milimita 0.5, kidogo kuliko nukta ya kalamu ya Bic. Lakini sheria inasema ukigusa tu unahesabiwa, na risasi ina upana wa 4.5. Kwa hiyo ukipiga hesabu, katikati ya risasi inaruhusiwa kupotea milimita 2.5 kutoka kwenye kitovu na bado ukapata kumi. Kila milimita 2.5 nyingine inakula pointi moja.

Sasa chukua risasi ambazo, hata bunduki ikifungwa isitikisike, zinatawanyika kwa upana wa milimita 8. Nusu yake ni 4. Kijana kalenga sawasawa, kafyatua vizuri, kapumua vizuri, anapata 9. Anadhani kosa ni lake. Anaanza kubadilisha mshiko ambao ulikuwa sahihi. Baada ya mwezi hajui tena afuate nini, na wengine wanaacha mchezo kabisa. Wadau, hapa ndipo risasi mbovu inapokuwa ghali: inamfundisha mtoto uongo.

JE, KLABU MASKINI IFANYEJE? PYTHAGORAS ANAJIBU

Wale wa Form Four mnamkumbuka Pythagoras? Huyu jamaa anatusaidia. Mtawanyiko wa mpigaji na mtawanyiko wa risasi haujumlishwi moja kwa moja. Kwa makadirio, unachukua mraba wa kila mmoja, unajumlisha, halafu unatafuta kipeo cha pili, kama pande mbili za pembetatu mraba.

Mfano wa kwanza: mwanafunzi mpya anatawanya milimita 40. Mpe risasi za kawaida zinazotawanya 8. Mraba wa 40 ni 1600, wa 8 ni 64, jumla 1664, kipeo chake ni kama 40.8. Yaani risasi za bei chee zimemuongezea chini ya milimita moja. Hazionekani! Kumnunulia huyu risasi za Olimpiki ni kumwaga maji baharini.

Mfano wa pili: kijana aliyekomaa anatawanya milimita 10. Risasi zile zile za 8: mia moja jumlisha 64, kipeo ni kama 12.8. Zimemuongezea karibu milimita 3 kwenye upana, hiyo ni zaidi ya nusu pointi kila upande. Mpe zinazotawanya 4 anapata kama 10.8. Huyu sasa analipiwa gharama kwa haki.

Kwa hiyo jibu siyo "nunua ghali" wala "nunua rahisi". Jibu ni kwamba risasi iwe bora kuliko anayeipiga kwa mbali kiasi, basi. Anayeanza apige za kawaida, anayepanda apandishiwe. Klabu inayowapa wote kopo moja aidha inapoteza hela au inawaonea wazuri.

MAJINA YA MAKOPO

Watengenezaji wanaojulikana sana kwenye shabaha ni hawa: RWS na H&N Sport wa Ujerumani, JSB wa Jamhuri ya Cheki, Qiang Yuan wa China, halafu Crosman na Daisy kwa Marekani. Gamo wa Hispania naye yuko kila mahali.

Kwa RWS, moja ya ngazi za juu ni R10, inafuata Meisterkugeln, halafu chini kuna Hobby na Basic kwa mazoezi. Kwa H&N, ya juu ni Finale Match, chini yake kuna Sport na Econ. Mpangilio ni ule ule kila kampuni: ya juu imekaguliwa zaidi na wakati mwingine kila risasi inakaa kwenye tundu lake ili isigongane, ya chini inamwagwa tu kwenye kopo.

Ngazi ya juu nyingine zinauzwa kwa ukubwa wa kichwa: 4.49, 4.50, 4.51. Mitutu hailingani, ndiyo maana. Kwa klabu, isiwape presha. Chukueni 4.50 au 4.49 mjaribu, msitumie mwezi mzima kubishana.

Tahadhari: jina kwenye kopo siyo hukumu. Risasi ya bei ya kati inaweza kuishinda ya bei ya juu kwenye bunduki fulani. Mtutu ndio unaochagua, wewe unalipa tu.

JINSI YA KUJARIBU BILA MAABARA

Hii ndiyo sehemu ya kukata na kubandika ukutani.

1. Chagua aina tatu au nne tu. Omba kopo moja moja. Klabu mbili zinaweza kuchangia.
2. Kocha au mpigaji mzuri kuliko wote ndiye ajaribu, siyo mgeni. Bunduki ikae juu ya mfuko wa mchanga au stendi, mita 10 kamili, ndani ya nyumba bila feni.
3. Ukibadilisha aina, piga kwanza 10 mpaka 20 za bure. Mtutu unabakiwa na utando wa risasi zilizopita, lazima uzoee mpya.
4. Piga makundi matano, kila kundi risasi tano, kila kundi kwenye karatasi mpya. Usiguse vilengeo. Hatutafuti kumi, tunatafuta matundu yakae pamoja.
5. Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu la mbali kuliko yote, kisha toa 4.5. Hapo umepata upana kutoka kitovu mpaka kitovu.
6. Andika makundi yote matano, tafuta wastani. Usichukue kundi moja zuri ukalipiga picha. Kundi moja zuri ni bahati.

Tuseme kopo A limetoa 6, 5, 7, 6, 6. Wastani ni 6. Kopo B limetoa 4, 9, 4, 5, 4. Wastani 5.2. B ameshinda? Subiri kwanza. Ile 9 inatakiwa iulizwe. Kama ni mpigaji kateleza na anajua kateleza, sawa. Kama alifyatua vizuri, basi ndani ya kopo B kuna risasi mbovu zimejificha, na siku moja mojawapo itatokea kwenye risasi ya mwisho ya mtoto wako. Rudia jaribio la B makundi mengine matano. 9 ikijirudia, A ndiye rafiki wa kweli.

Halafu angalia nyuma ya kopo: kuna namba ya toleo. Risasi za jina moja zilizotoka toleo tofauti zinaweza kupiga tofauti. Ukipata toleo zuri, nunua katoni nzima ya toleo hilo, ya kutosha msimu. Ndivyo timu kubwa zinavyofanya, na ndipo klabu ndogo inapookoa hela ya kujaribu kila mwezi.

BAJETI: TUPIGE HESABU PAMOJA

Klabu yenye vijana 12. Kila mmoja anapiga 50 kwa siku, siku mbili kwa wiki, hiyo ni 1,200 kwa wiki. Msimu wa wiki 36 ni 43,200. Weka mashindano sita, kila mmoja 60 za pointi na kama 15 za kujipima, 75 mara 12 mara 6 ni 5,400. Jumla ya msimu ni risasi 48,600. Makopo mengi ya shabaha yana 500, kwa hiyo ni makopo 98.

Sasa chukulia kopo la mashindano ni mara mbili ya bei ya kopo la mazoezi. Bei ya la mazoezi tuiite 1.

- Zote za bei chee: makopo 98, gharama 98.
- Zote za mashindano: gharama 196.
- Mchanganyiko: za mashindano zitumike siku ya mashindano na siku moja ya mazoezi kabla yake. Hiyo ni 9,000, makopo 18, gharama 36. Zilizobaki 39,600 ni makopo 80 ya kawaida. Jumla 116.

Umeona? Kwa nyongeza ya 18 tu juu ya ile bei ya chini kabisa, kila kijana anaingia mashindanoni na risasi nzuri ambazo alizipiga siku iliyopita na vilengeo vimeshawekwa sawa. Halafu hakikisha za mazoezi na za mashindano zote ni bapa na uzito unakaribiana, la sivyo kila mara unaanza upya.

Mtego wa dukani: gawanya bei kwa idadi ya risasi. Kuna makopo ya 250 na ya 300 yanayofanana kabisa na ya 500. Ukiagiza mtandaoni ongeza usafiri, maana madini haya ni mazito. Klabu tatu zikiagiza pamoja, usafiri unagawanyika.

KUKAGUA KABLA YA KUPIGA

Hii ni bure kabisa. Mwaga risasi 20 juu ya kioo au kigae, zikague. Sketi iliyobonyea, weka pembeni. Zivingirishe taratibu: nzima inazunguka upinde safi, mbovu inayumba. Zilizokataliwa zinabaki za kujifunzia namna ya kupakia.

Mizani ya kupima uzito wa kila risasi? Kwa mita 10 na bunduki za klabu, faida ni ndogo sana. Hela ya mizani nunua makopo.

Mengine ya haraka haraka:
- Kichwa mbele, sketi nyuma. Wageni wanapakia kinyume mara nyingi kuliko unavyodhani.
- Usirudie risasi iliyokwishapigwa. Imeharibika umbo na itaharibu mtutu.
- Usipige gololi za chuma kwenye mtutu wenye mifereji. Chuma kinakwangua, risasi laini hazikwangui.
- Bunduki ya springi usifyatue bila risasi ndani. Springi inagonga bila kizuizi.
- Kopo likianguka chini, likague lote upya.
- Risasi zenye unga mweupe zimeoza kwa unyevu. Zitupwe kwa utaratibu, na watoto wasizishike.

SUALA LA AFYA, HILI HALINA UTANI

Kiswahili chetu kinatuambia ukweli hapa: neno risasi ni jina la madini kabla halijawa jina la kinachotoka kwenye bunduki. Peleti nyingi ni madini hayo hayo, na madini ya risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Bunduki ya hewa haina moshi wa baruti, kwa hiyo hatari kubwa haiko hewani. Iko mikononi, na mikono inaenda mdomoni.

Kwa hiyo kanuni za klabu ziwe hizi:
- Hakuna kuweka risasi mdomoni, hata sekunde moja, hata kama mashujaa wa zamani walifanya.
- Hakuna kula wala kunywa kwenye eneo la kupigia.
- Ukimaliza, maji baridi na sabuni, mikono na uso.
- Usifagie kavu nyuma ya shabaha. Vumbi linaruka. Piga deki kwa kitambaa kibichi, na afanye mtu mzima mwenye glavu.
- Mitego ya kukamata risasi imwagwe na mtu mzima, ikusanywe kwenye ndoo yenye mfuniko.

Zipo risasi zisizo na madini haya, kama Match Green ya H&N. Ni nyepesi zaidi na kwa kawaida ni ghali zaidi. Mitutu mingine inazipenda, mingine inazikataa. Kama klabu ina watoto wadogo sana, zijaribuni kwa utaratibu ule wa makundi matano, na kama zinatawanya kidogo zaidi, rudi kwa Pythagoras: kwa mgeni wa milimita 40 haionekani. Kwa mtoto wa miaka 10 mimi ningeweka afya mbele.

MFANO WA MAREKANI

Kule vijana wa sekondari wanashindana kwenye mtindo wa mikao mitatu: kulala, kusimama na kupiga goti, mita 10. Kuna shirika linaitwa Civilian Marksmanship Program, CMP, lenye viwanja vya bunduki za hewa Anniston, Alabama na Camp Perry, Ohio. Vijana wanatoka shule zenye mafunzo ya JROTC, vikundi vya 4-H na klabu za mitaa.

Kitu kizuri walichofanya ni kugawa madaraja mawili. Daraja la bunduki ghali za ushindani wa juu, na daraja la sporta, ambalo ni la bunduki za bei nafuu kama Daisy 853 na Crosman Challenger, na mavazi maalumu ya kukaza mwili hayaruhusiwi. Mtoto wa familia ya kawaida anashindana na wenzake wa hali yake. Kwenye sporta ndiko risasi ya bei ya kati inapong'ara, maana bunduki yenyewe haiwezi kuonyesha tofauti ndogo kabisa kati ya kopo zuri na kopo bora. Ukimwekea Daisy R10 ni kama kuweka mafuta ya ndege kwenye bajaji.

SHERIA, TAFADHALI SANA

Uingereza aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kununua bunduki ya hewa wala risasi zake, mtu mzima ndiye ananunua na kusimamia. Ujerumani nako kununua ni miaka 18, na mtoto anaanza kupiga klabuni akiwa na miaka 12, kwa idhini ya mzazi na chini ya msimamizi. Walio chini ya hapo wanajifunza kwa bunduki za mwanga, hazitoi kitu zaidi ya mwanga. Marekani inategemea jimbo.

Kwetu huku Afrika Mashariki usiagize bunduki wala risasi mtandaoni eti kwa sababu tovuti imekubali kadi yako. Nenda polisi kwanza, uliza, pata maandishi. Na popote ulipo, miwani ya kukinga macho, mtutu uelekee shabaha muda wote, kidole nje ya kifyatulio mpaka uko tayari. Jouli 7.5 hazitoshi kuangusha ukuta, ila zinatosha kutoa jicho.

MUHTASARI KWA WENYE HARAKA

Nunua 4.5, kichwa bapa, gramu 0.45 mpaka 0.53. Jaribu aina tatu au nne kwa makundi matano. Tumia wastani, usisahau lile kundi baya. Andika namba ya toleo, nunua katoni. Wageni za kawaida, wakongwe nzuri, wote nzuri siku ya mashindano. Nawa mikono.

Na kocha, mtoto akianza kukosa ghafla, kabla hujamfokea chukua bunduki yake, iweke kwenye mfuko wa mchanga, piga kundi moja kwa risasi zilizomo kwenye kopo lake. Dakika tano tu. Kundi likitawanyika, kosa ni la kopo. Likikaa pamoja, sasa mnaweza kukaa chini kuongea mshiko na pumzi, na yeye atakuamini.

Mwenye klabu yake, au aliyewahi kupiga huko aliko, atupie uzoefu wake hapo chini: bunduki gani, kopo gani, milimita ngapi. Ukisema "risasi hizi ni kali" bila namba, tutakuuliza kwanza ulipiga makundi mangapi!

Tuko pamoja.